Muuguzi Wako Alisoma Lini?

Leo hatutaanza na uji wala mboga. Tutaanza na swali ambalo wengi wetu hatujawahi kujiuliza tukiwa kwenye foleni ya kliniki: huyu muuguzi anayenishauri kuhusu chakula cha mtoto wangu, alisoma lini?

Swali hili halina dharau ndani yake. Muuguzi ni mtu wa kuheshimiwa, na mara nyingi anafanya kazi ya watu watatu peke yake. Lakini elimu ya lishe inakua kama mtoto anavyokua. Jambo lililofundishwa chuoni mwaka wa 1985 huenda limerekebishwa mara mbili au tatu tangu hapo. Aliyesoma mara moja akafunga daftari atakupa, kwa moyo mweupe kabisa, ushauri uliopitwa na wakati, na atakayeumia ni mtoto wako.

Kwa hivyo leo tutaifuata safari ya elimu hii. Tutaanzia Ghana karibu miaka mia moja iliyopita, tupite Kampala na Iringa, turudi hapa Kenya, na tufike kwenye kompyuta na simu ambazo wahudumu wetu wa afya wanasomea leo. Mwishoni utaona kwamba wewe pia una kazi yako katika safari hiyo.

JINA LILILOTOKA KWA AKINA MAMA

Mwaka wa 1929 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alienda kufanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo tunaiita Ghana. Huko aliwakuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliokuwa wamevimba miguu, ngozi inabambuka, nywele zimebadilika rangi na kuwa nyekundunyekundu. Mtoto hachezi, hacheki, chakula hataki. Wengi walikufa. Madaktari wengine walishikilia kwamba huo ni ugonjwa mwingine waliokwisha kuusoma katika vitabu vyao.

Williams aliwasikiliza wenyeji. Waga, watu wa Accra, tayari walikuwa na jina la ugonjwa huo. Waliuita kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Jina hilo lilikuwa limebeba maelezo yote. Mama amepata mtoto mwingine, mkubwa ameachishwa ziwa ghafla, na amebaki na uji wa mahindi mtupu. Mwaka wa 1933 Williams aliandika katika jarida la madaktari kuhusu ugonjwa huu wa watoto wanaolishwa mahindi. Mwaka wa 1935 aliandika tena katika jarida la Lancet, safari hii akitumia jina lile lile la Waga. Hadi leo madaktari duniani kote wanalitumia.

Shika jambo hili, mama. Elimu hii ya lishe, ambayo leo inasomwa kwenye kompyuta, ilianza na akina mama waliotazama watoto wao vizuri na kuupa ugonjwa jina. Daktari aliyesikiliza ndiye aliyejifunza.

DARASA LENYE SUFURIA

Huku kwetu Afrika Mashariki, daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, naye aliwaona watoto wa namna hiyo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, yeye na wenzake walichunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mwaka wa 1954 wakatoa kitabu kizima juu yake.

Siku hizo wataalamu wengi waliamini kwamba tatizo kubwa ni upungufu wa protini. Wauguzi wakafundishwa hivyo, na maziwa ya unga yakagawiwa katika nchi nyingi. Lakini mwaka wa 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida lile lile la Lancet kwamba dunia ilikuwa imekosea kuweka nguvu zake zote kwenye protini. Watoto wengi walikuwa wanapungukiwa na chakula kwa jumla: kidogo mno, chepesi mno, mara chache mno kwa siku. Juu ya hayo, magonjwa yalikuwa yanawala kutoka ndani. Tangu hapo ushauri ukaanza kugeuka. Mama akaanza kuambiwa aupike uji uwe mzito, achanganye vyakula vya aina mbalimbali, na amlishe mtoto mara nyingi.

Kampala kulikuwa na watu walioshika njia kama hiyo mapema. Mwaka wa 1965, hapo Mulago, kulianzishwa kituo cha lishe kilichoitwa Mwanamugimu. Jina hilo linatokana na methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi ya mama yake. Mama alikaa pale na mtoto wake na kupika mwenyewe, kwa vyakula anavyoweza kuvipata nyumbani. Chakula kimoja kilichofundishwa huko kinaitwa kitobero: ndizi na maharagwe au njugu, vinapikwa pamoja na kupondwa. Mama alimwona mtoto wake akipona kwa chakula, tena chakula alichokipika kwa mikono yake. Akirudi kijijini, alirudi akiwa mwalimu.

Twende sasa Tanzania. Kuanzia mwaka wa 1983, serikali ya huko pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani waliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa, katika vijiji 168 kwa kuanzia. Watoto walipimwa uzito pale pale kijijini, na matokeo hayakufungiwa ofisini. Yalisomwa mbele ya kamati ya kijiji, nao wanakijiji wakaulizana: kwa nini watoto hawa uzito wao ni mdogo?

Majibu yaliwafumbua macho wengi. Kumbe nyumba inaweza kuwa na mahindi ghalani na mtoto akakonda. Pengine mama anashinda shambani tangu asubuhi na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Pengine maji ni machafu na mtoto anaharisha kila mwezi. Pengine ni malaria, na kliniki iko mbali. Kutokana na kazi ya Iringa, wataalamu walichora mchoro unaoonyesha kwamba mtoto anahitaji mambo matatu kwa pamoja: chakula cha kutosha, malezi mazuri, na huduma za afya pamoja na mazingira safi. UNICEF ilipokea mchoro huo mwaka wa 1990, na umefundishwa duniani kote tangu wakati huo.

Hapo ndipo tunapopata maneno mawili unayoyasikia redioni. Usalama wa chakula ni kuwa na chakula. Usalama wa lishe ni mtoto kunufaika na chakula hicho mwilini mwake, leo, mwaka ujao, na hata ukame ukija. Anayetaka kuelewa usalama wa lishe inambidi ajue habari za shamba, maji, choo, mvua, soko na kazi za mama. Ni masomo mengi kwa muuguzi mmoja.

USHAURI UNAPOBADILIKA

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito zaidi. Nitakupa mifano miwili uone kwa nini muuguzi hawezi kusoma mara moja tu.

Mfano wa kwanza ni wa mama mwenye virusi vya ukimwi. Ilipojulikana kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa ya mama, hofu ilikuwa kubwa. Hapa Nairobi, daktari Ruth Nduati na wenzake waliwafuatilia akina mama 425 wenye virusi na watoto wao, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000. Watoto waliopangiwa maziwa ya kopo waliambukizwa wachache: kama 21 katika kila 100, wakati wale waliopangiwa kunyonya walikuwa kama 37. Lakini watoto walipofika miaka miwili, idadi ya waliokufa katika makundi hayo mawili haikutofautiana sana. Maziwa ya kopo yalimkinga mtoto na virusi, lakini mtoto huyo alikosa kinga ambayo maziwa ya mama humpa dhidi ya magonjwa mengine.

Mwaka wa 1999, utafiti kutoka Durban, Afrika Kusini, ulionyesha jambo jingine. Katika miezi ya kwanza, mtoto aliyepewa maziwa ya mama peke yake aliambukizwa kwa nadra kuliko aliyechanganyiwa na maji, uji au maziwa mengine.

Mwaka wa 2000 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mwenye virusi aepuke kunyonyesha, ikiwa anaweza kupata maziwa mbadala yaliyo salama, anayoyamudu, na ambayo hayatakatika. Ushauri huo ulikuwa na masharti, na masharti ni rahisi kusahaulika. Watu wengi walibakia na maneno machache tu: mwenye virusi asinyonyeshe.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2006, Botswana ilipata mvua kubwa. Maji yakachafuka, ugonjwa wa kuharisha ukaenea, na mamia ya watoto wadogo wakafa. Wengi wa watoto waliolazwa hospitalini hawakuwa wananyonya.

Mwaka wa 2010 ushauri ukabadilika. Mama au mtoto akiwa kwenye dawa, katika nchi zinazofuata njia hiyo, mama anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi mwaka mmoja. Mwaka wa 2016 ukaongezwa: anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, mradi anatumia dawa zake bila kukatiza.

Hesabu mwenyewe. Ndani ya miaka 16, ushauri kwa mama huyo ulibadilika mara mbili. Sasa mfikirie muuguzi wa zahanati ya mbali, aliyesoma mwaka wa 2001 na hakupata mafunzo mengine. Angeendelea kumwambia mama aache kunyonyesha, katika nyumba isiyo na maji safi wala pesa ya kopo la pili.

Mfano wa pili ni utepe wa kupimia mkono, ule wenye nyekundu, njano na kijani. Hapo awali, mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 alihesabiwa kuwa na utapiamlo mkali mkono wake ukiwa chini ya sentimita 11. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipandisha kipimo hicho hadi sentimita 11 na nusu, ili watoto walio hatarini wapate matibabu mapema. Nusu sentimita ni kama upana wa punje ya mahindi. Lakini mtoto mwenye mkono wa sentimita 11.2 angerudishwa nyumbani kwa kipimo cha zamani, na kwa kipimo kipya anaanza kutibiwa siku hiyo hiyo.

Tena miaka miwili kabla ya hapo, mwaka wa 2007, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yametangaza kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado anaweza kula na hana ugonjwa mwingine mzito anaweza kutibiwa akiwa nyumbani, kwa chakula tiba cha pakiti. Zamani mama angelazimika kulazwa na mtoto kwa majuma, huku wengine wakibaki nyumbani bila mlezi. Ni habari njema sana, lakini ilimfaa tu yule ambaye muuguzi wake alikuwa ameipata.

DARASA LINAMFUATA MUUGUZI

Sasa, muuguzi angesomaje? Zahanati nyingi za vijijini zina muuguzi mmoja au wawili. Akienda chuo miaka miwili, mlango unafungwa, na akina mama wanatembea hadi kituo kingine.

Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka wa 1957, lilianza kwa kuwapeleka madaktari mbali kwa ndege na kuunganisha vituo kwa redio. Baadaye lilianza kuwatumia wahudumu masomo kwa njia ya posta. Muuguzi alipokea vitabu, akasoma usiku, akajibu maswali, akarudisha karatasi posta na kungoja.

Kisha mwaka wa 2005 kukawa na hatua kubwa. Wakati huo wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, na walihitaji kufikia diploma ili waweze kukabili magonjwa mapya na dawa mpya. Kuwapitisha wote darasani kungechukua miongo mingi. Hivyo AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya, vyuo vya uuguzi kama KMTC, na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya kompyuta. Lengo lilikuwa kuwafikia wauguzi wapatao 22,000. Kompyuta ziliwekwa katika hospitali na vyuo vya sehemu mbalimbali za nchi. Muuguzi alisoma kwa wakati wake huku akiendelea na kazi, akafanya mafunzo ya vitendo wodini, kisha akafanya mtihani wa Baraza kama wenzake wa chuoni.

Wako waliokuwa hawajawahi kugusa kompyuta. Kwao somo la kwanza lilikuwa jinsi ya kuiwasha na kushika kipanya. Wengine walikuwa na watoto nyumbani, tena wa kwenda shule. Mama mwenzangu, unapomwona muuguzi wa makamo kliniki, fahamu kwamba huenda alipita njia hiyo, usiku baada ya zamu.

Upande wa lishe nao uliimarika. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria ya wataalamu wa lishe, ili asijiite mtaalamu mtu asiyesomea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuanza kutoa masomo ya bure kwa mtandao kuhusu chakula na lishe. Mwaka wa 2012 UNICEF na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani walianzisha somo la mtandaoni kuhusu ulishaji wa watoto wadogo. Mwaka wa 2015 nchi za dunia zilikubaliana juu ya malengo ya maendeleo endelevu, na lengo la pili ni kumaliza njaa na kuboresha lishe kufikia mwaka wa 2030. Masomo yakaanza kuunganisha sahani ya mtoto na udongo, mbegu, maji na hali ya hewa, kama wanakijiji wa Iringa walivyokuwa wamefanya bila kompyuta.

Mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa korona na mikutano ikasimamishwa. Akina mama wengi waliogopa: nikiambukizwa, ninyonyeshe? Shirika la Afya Duniani lilijibu mwaka huo huo kwamba mama aendelee kunyonyesha, akivaa barakoa na kunawa mikono. Jibu hilo lilisambazwa kwa mtandao. Linganisha na miaka ya hofu ya ukimwi, jinsi mabadiliko yalivyochukua muda kufika zahanati.

MPAKA MLANGONI KWAKO

Elimu haikuishia kwa wauguzi. Katika miaka ya 2010, hapa Kenya, wahudumu wa kujitolea vijijini walianza kufundishwa kwa simu za mkononi, hata zile simu ndogo za kawaida, kwa ujumbe na sauti. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazotembelea.

Je, mambo yamebadilika? Tazama hesabu za uchunguzi wa kitaifa. Mwaka wa 2003, watoto wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa kama 13 katika kila 100. Mwaka wa 2014 walikuwa 61. Watoto waliodumaa walikuwa kama 35 katika kila 100 katika uchunguzi wa mwaka wa 2008 na 2009. Mwaka wa 2022 walikuwa 18. Mambo mengi yalichangia, ikiwemo sheria ya mwaka wa 2012 ya kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo. Lakini bila wahudumu wenye elimu mpya, hayo yasingefika nyumbani kwako.

Hata hivyo tusijidanganye. Kati ya mwaka wa 2014 na 2022 hesabu ya wanaonyonyesha maziwa pekee haikupanda tena, ilibaki 60. Kilifi, mwaka huo wa 2022, watoto 37 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Na katika kaunti kavu, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kuanzia mwaka wa 2020. Somo la mtandaoni halinyeshi mvua, wala halijazi sufuria.

Tena yako mambo mawili ya kuangalia katika masomo haya. La kwanza, kioo cha kompyuta hakiwezi kufundisha mikono. Kumweka mtoto vizuri kwenye ziwa, kukamua maziwa, kupima urefu wa mtoto anayelia, hayo hujifunzwa kwa kushika, mwenye ujuzi akiwa kando yako. Mwanamugimu walilijua hilo tangu mwaka wa 1965. Pia masomo mengi huandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuyageuza yawe lugha ya mama, omena wa mama na jiko la mama, ni ya muuguzi mwenyewe.

La pili, ni vizuri kujua nani amelipia darasa. Mwaka wa 1939 yule daktari Williams, akiwa Singapore, alisimama mbele ya watu wakubwa na kulaani biashara ya maziwa ya kopo iliyokuwa ikiwaua watoto wachanga. Katika miaka ya baadaye kampuni ziliwatuma kwa akina mama wauzaji waliovaa kama wauguzi. Mwaka wa 1981 nchi za dunia zilipitisha kanuni ya kuzuia mbinu hizo. Lakini mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti kwamba kampuni za maziwa bado zinawafuata akina mama kwenye simu zao, na bado zinadhamini mafunzo ya wahudumu wa afya. Somo zuri la lishe halina nembo ya kopo juu yake.

WEWE MAMA UFANYE NINI?

Leseni ya muuguzi wa Kenya haifanywi upya hivi hivi tu. Baraza hutaka aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Kwa hivyo usiogope kuuliza. Uliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kuelewa:

Kwanza, "Sista, ushauri huu ni ule wa zamani au kuna mpya?" Muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa.

Pili, unapoambiwa jambo tofauti na uliloambiwa kwa mtoto wako wa kwanza, usikasirike na usiache kliniki. Uliza kilichobadilika na sababu yake.

Tatu, mkono wa mtoto unapopimwa, omba kuuona utepe. Nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu, ni matibabu leo. Njano ni hatari, lazima afuatiliwe. Kijani, endelea vivyo hivyo.

Nne, kama una virusi vya ukimwi, usiache kunyonyesha wala usiache dawa kwa sababu ya maneno ya jirani, hata kama jirani huyo alikuwa muuguzi zamani. Rudi kliniki uzungumze nao.

Tano, kama unaambiwa ununue kopo la aina fulani, uliza kwa nini. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha vyakula mchanganyiko huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, ndio ushauri ulioko.

Sita, waeleze wahudumu unachokiona. Ukiona ugonjwa unaofuata mvua, au mboga iliyokuwa ikiwakinga watoto imepotea mashambani, sema. Kumbuka akina mama wa Accra. Wao ndio walioanza.

Na wewe baba unayesikiliza, mama akirudi kliniki na ushauri mpya, usimwambie kwamba mama yako alikulea kwa njia nyingine na hukufa. Keti, usikilize, kisha uulize ni chakula gani kinahitajika nyumbani. Nyanya, ujuzi wako wa mboga za kienyeji unahitajika sana. Terere, managu na kunde ulizopika zamani zinafundishwa leo kwenye mtandao.

KUMBUKA: Ushauri wa lishe hubadilika kwa sababu watu wanaendelea kuwatazama watoto na kujifunza. Muuguzi anayesoma kila mwaka ni kinga ya mtoto wako kama ilivyo chanjo. Muulize, msikilize, na umtie moyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Ni ushauri gani wa kulisha mtoto ambao umebadilika tangu mama zetu walipotulea?

2. Katika kijiji chetu, ni nani anayepima mikono ya watoto, na alipata mafunzo mara ya mwisho lini?

3. Kati ya chakula, malezi, na huduma za afya na usafi, ni kipi kinachowapungukia zaidi watoto wetu? Tuanze na lipi mwezi huu?

Kwa leo tunaishia hapo. Mpaka wakati mwingine, tunawatakia nyote afya njema, na watoto wenye mikono iliyonona.